Redio na Sauti ya Pili

Binti wa kaka yangu tulimpa jina la Redio kwa sababu hakuwa na neno. Ndivyo tulivyo katika ukoo wetu: mrefu tunamwita Kifupi, mwenye haraka tunamwita Kobe, na mimi mwenyewe naitwa Mama Pole, na wanaonijua wanacheka. Ukimuuliza Redio swali, alikutazama kwanza kama anayehakikisha kwamba umemaliza, ndipo akakujibu kwa neno moja. Akikupa mawili, ujue amekupenda.

Baba yake ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Amekaa miaka mingi kando ya mashine zinazokata chuma, kwa hiyo hata akiomba chumvi mezani utadhani nyumba inaungua. Mkewe alifariki Redio akiwa ndiyo kwanza anaanza shule, na kwa kuwa karakana yenye cheche si mahali pa kumweka mtoto, akitoka darasani alikuja kwangu. Mimi ni dobi. Duka langu lina vyumba viwili: cha mbele kina kaunta na nguo zilizoning'inia ndani ya mifuko ya nailoni, cha nyuma kina mashine ya kufulia, meza ya kupigia pasi na mvuke wa kumtosha kila mtu. Redio akakulia kwenye mvuke huo. Alipomaliza sekondari hakuna aliyemshinda kwenye kola ya shati, na mimi nikiwemo, ingawa hilo sikumwambia, maana wafanyakazi ukiwasifu wanaanza kuomba likizo.

Kasoro yake ilikuwa moja. Akipiga pasi, aliimba.

Mtu akisikia hivyo anasema lo, bahati iliyoje, kazi na burudani. Ungekuwepo ungesema mengine. Aliimba "mm, mm, mm" mahali pamoja, akapanda kidogo, akarudi pale pale, akanyamaza. Atapiga pasi mkono mzima wa shati bila kutoa sauti, halafu ghafla anatoa kipande cha maneno, "milele na", kisha kimya tena mpaka mkono wa pili. Mteja mmoja, mwalimu wa hesabu, aliinamia kaunta akaniuliza kwa upole kama yule binti wa nyuma ana maumivu, na kama ameshaonwa na daktari.

Maumivu yenyewe yalikuwa sauti ya pili. Mtaani kwetu kuna kwaya inayofanya mazoezi kila Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamekalia madawati ya watoto magoti yakiwa kidevuni. Inaimba popote inapoitwa: harusini, msibani, kwenye ufunguzi wa maduka, na mara moja ilizindua kisima ambacho mpaka leo hakijatoa maji. Kwaya kama hiyo ina sauti nne. Ya kwanza ndiyo ina wimbo wenyewe, ule anaoondoka nao mtu kichwani. Ya tatu na ya nne ni za wanaume, nao wakinguruma tu watu wanaridhika. Ya pili inakaa katikati, chini ya ya kwanza, na kazi yake ni kuishikilia isianguke wala isipae. Ukiisikia peke yake haina kichwa wala miguu. Ukiiondoa, hujui nini kimepungua ila unaona wimbo umepwaya kama suruali ya kuazima.

Redio alikuwa sauti ya pili tangu utotoni. Walimweka hapo kwa sababu palikuwa na nafasi, na hakuwahi kulalamika.

Sauti ya kwanza ilikuwa na mwenyewe. Tulimwita Malkia, msusi mwenye saluni mkabala na duka langu, mwanamke mwenye mapafu ya ajabu na heshima kubwa kwa mapafu hayo. Malkia akiimba hufumba macho, hunyoosha mkono mmoja mbele kama anayezuia gari, na watu hulia. Hata mimi nimewahi kulia, na simpendi. Katika familia yetu, mtu akitaja uimbaji anamtaja Malkia. Redio kwetu alikuwa mtu anayesimama karibu na Malkia.

Basi mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi ni fundi bomba, akaja na habari kwamba chuo cha muziki cha mji mkubwa kinatoa ufadhili kwa vijana waimbaji: ada, chumba, chakula, kila kitu mpaka mtu amalize. Habari hiyo aliipeleka moja kwa moja saluni. Malkia alishukuru, akasema hakushangaa, akaanza kupanga nguo za safari. Ndipo mwalimu, akikohoa kohoa, akataja masharti ya umri. Mwisho miaka ishirini na miwili. Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio akatoa kichwa nje asikie. Umri wa Malkia ni jambo ambalo mtaani hatulijadili, ila sote tunajua kwamba ana mtoto aliyemaliza jeshi. Malkia akasema kwamba kwa kweli chuo hicho hakina hadhi, na yeye asingekwenda hata wangembeba.

Jioni hiyo Redio aliweka pasi chini, akaja mbele kwenye kaunta, akasubiri mteja aondoke.

"Shangazi," akasema, "nataka kwenda mimi."

Nilikaa kwenye kiti. Hayo yalikuwa maneno manne kwa mpigo.

Lazima mjue hali ilivyokuwa. Redio alitaka kusoma, na bila ufadhili hapakuwa na chuo. Kaka yangu hakuwa na uwezo huo, na alikuwa na mpango: Redio abaki kwangu kwenye pasi mpaka mambo yatakapokaa sawa. Mambo ya kaka yangu sijawahi kuyaona yamekaa, sawa wala upande. Ulikuwa mpango mzuri sana kwangu mimi, ndiyo maana ulinichukiza. Nilimwona Redio akiwa na umri wangu, amesimama mahali nilipokuwa nimesimama, miguu imevimba, anatafuta kifungo cha mtu, na nikasikia hasira mpaka masikioni. Usiku huo huo nikaenda kwa kaka.

"Redio?" akapaza sauti, majirani wote wakajua tunazungumza nini. "Redio aimbe? Aimbe nini, kimya?"

"Ana nafasi kama mwingine yeyote."

"Dada, mimi nimeishi naye. Sijawahi kumsikia. Kwenye kwaya namwona mdomo unacheza, lakini sauti siisikii. Wewe umewahi kuisikia?"

Nikasema nimeisikia, dukani. Akaniuliza ikoje. Hapo nikamkumbuka yule mwalimu wa hesabu.

Kaka hakukataa ila alikataa kumsindikiza, akidai ana geti la watu. Wiki mbili kabla ya usaili kila mtu akawa bingwa. Mwalimu wa kwaya akamwambia apumue kwa tumbo. Jirani akaleta asali. Malkia, ambaye hasira zilikuwa zimeshampoa akaamua kuwa mlezi, alimfundisha mikono: wa kulia ukifika kwenye "moyo", wa kushoto ukifika kwenye "mbali", na macho yafumbwe tangu mwanzo. Redio aliwasikiliza wote, akawajibu wote "ndiyo". Ila hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza ataimba sauti gani. Nani aulizaye hilo? Mtu akiambiwa aimbe wimbo, anaimba wimbo.

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi wa chuo, wenye zulia na viti vinavyojikunja vyenyewe ukisimama. Wasindikizaji tuliruhusiwa kukaa nyuma kabisa, mradi tunyamaze. Mbele kulikuwa na meza ya wasaili watatu: bwana mwenye kipara aliyekuwa akiandika bila kuinua uso, kijana mwenye tai ya kipepeo aliyekuwa akitabasamu kila wakati, na mama mmoja mwenye miwani ya kamba aliyekaa pembeni kwenye piano, amechoka waziwazi. Waliotangulia walikuwa wakali. Binti mmoja alipandisha sauti mpaka kioo cha saa yangu kikanitia wasiwasi. Kijana mmoja alipiga magoti katikati ya wimbo, akainuka mwishoni na vumbi la zulia kwenye suruali nyeusi, na mimi kazi yangu ndiyo hiyo, nikaumia. Kila mmoja alikuwa Malkia. Nikaona wazi kwamba tumekuja kuaibika.

Redio akaitwa. Bwana mwenye kipara akamuuliza ataimba nini, akataja wimbo wa kuagana, ule ambao kila kwaya inaufahamu na kila mtu ameuimba akiwa na leso mkononi. Kijana wa tai akatabasamu, akamwambia aanze anapokuwa tayari.

Akasimama. Mikono ikaning'inia, macho wazi. Kimya.

Kimya kikaendelea. Bwana mwenye kipara akainua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mimi nikaanza kusali. Redio alikuwa akitikisa kidole cha shahada kidogo kidogo kwenye paja, kisha ghafla akafungua mdomo akatoa "mm" yake ya dukani, ile ile, mahali pamoja, mara tatu. Akapanda kidogo. Akarudi. Akanyamaza.

Ndipo nikaelewa. Mtoto alikuwa akiimba sauti ya pili. Peke yake, mbele ya watu wenye ufadhili mkononi, aliusikia wimbo mzima kichwani mwake, akawaimbia kipande chake na kuwaachia wengine vyao, ila wengine hawakuwepo. Ule ukimya wa mwanzo ulikuwa zamu ya Malkia.

"Binti," akasema bwana mwenye kipara, "umesahau? Unaweza kuanza upya."

Redio akatikisa kichwa, akainua kidole kumwomba asubiri. Alikuwa akihesabu. Bwana mwenye kipara akabaki mdomo wazi, nadhani hakuwahi kunyamazishwa kwenye ukumbi wake. Kisha "milele na", wazi, mahali pake, na kimya tena. Nyuma yangu mama wa yule kijana wa magoti akacheka puani. Nikageuka nikamtazama, akaacha.

Niliyemwona baadaye ni yule mama wa piano. Alikuwa ameshaegemea ukuta, akanyanyuka, akavuta miwani. Akaweka mkono mmoja kwenye piano na kuanza kuucheza wimbo, ile sauti ya kwanza, polepole, chini kwa chini. Na zile "mm" nilizozisikia miaka yote kama maumivu ya tumbo zikawa nyumba. Sijui nisemeje vingine. Wimbo ulikuwa na sakafu. Mama akaongeza mwendo, Redio akaongeza. Akapunguza mpaka karibu kusimama, Redio akamngoja. Halafu, kwa makusudi kabisa, mama akaondoa mkono kwenye piano katikati ya ubeti, akakaa anamtazama. Redio akaendelea mwenyewe, vipande na kimya, vipande na kimya, na mama aliporudisha mkono kwenye mstari wa mwisho wakakutana pale pale, hakuna aliyetangulia wala kuchelewa. Nililia. Naandika hapa ili Malkia asome.

"Kwa nini hukuimba sauti ya kwanza?" mama akamuuliza.

Redio akamtazama kuhakikisha amemaliza.

"Ya kwanza ina wenyewe," akasema.

Wasaili wakacheka, hata yule wa kipara. Mama wa piano hakucheka. Akawageukia wenzake akasema, bila kujali nani anasikia, "Tuna sauti za kwanza za kujaza ukumbi huu na nyingine zikabaki uani. Anayesikiliza wenzake, mara ya mwisho tulimpata lini?"

Simu ya majibu ilikuja nikiwa na shati la mtu chini ya pasi. Shati lile nililinunua. Nikakimbia hadi karakana, nikampa kaka habari nikipiga kelele kushinda mashine, akazima mashine, nikarudia. Akavua miwani ya kuchomelea, akanitazama.

"Wamekosea," akasema.

"Hawajakosea. Wamemtaja jina, na jina la baba, ambalo ni lako."

"Wapigie uwaulize tena."

Nikapiga. Wakathibitisha, kwa uvumilivu. Kaka akakaa juu ya geti la watu. "Basi watagundua," akasema. "Ataenda, wataketi wamsikilize vizuri, watagundua, watamrudisha, na mtaa mzima utaona." Akakata kauli kwamba hakuna sherehe, na majirani waambiwe tu kwamba mtoto amekwenda kusoma. Majirani walikuwa wamekwisha kuambiwa na Malkia, ambaye alisema yeye ndiye aliyemfundisha yote, hasa mikono.

Redio akaondoka na begi moja na mashati yaliyonyooka kuliko ya mkuu wa chuo. Jumamosi iliyofuata kwaya ikaimba kwenye harusi, na Malkia, bila mtu wa kumshikilia, akaanza kupaa. Kila ubeti alipanda kidogo, kwa raha zake, macho yamefumbwa, wanaume wakimkimbiza kwa chini, mpaka ubeti wa nne ambapo alibaki huko juu peke yake na hakuna aliyeweza kumfuata. Alisema ni vumbi la ukumbi. Harusi iliyofuata ilifanyika uwanjani, akasema ni upepo.

Mwaka mzima kaka yangu aliishi roho mkononi. Simu ikilia anadhani ni chuo. Redio akipiga, naye alipiga kila Jumapili akasema "nzuri" na "ndiyo", kaka alimuuliza swali moja tu, "Hawajasema kitu?" Kisha tukaalikwa kwenye tamasha la kumaliza mwaka. Kaka akashona suti. Akaniambia njiani, kwa sauti ambayo kwake ni ya kunong'ona na watu wa viti vya mbele yetu wakageuka, "Leo nitamsikia kwa masikio yangu. Nikimsikia, nitalala."

Alichagua viti vya safu ya kwanza. Wanafunzi wakaingia na magauni meusi na suti, wakapangwa ngazi kwa ngazi, na Redio wetu alikuwa ngazi ya pili, katikati, nyuma ya binti mwenye nywele nyingi. Wakaanza. Mimi si mtaalamu, lakini nilishika mkono wa kiti. Ilikuwa sauti moja kubwa, ungedhani ukumbi wenyewe ndio unaoimba. Kaka alikuwa ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio, macho yamemtoka.

"Dada, simsikii."

"Nyamaza."

"Nawasikia wote, yeye simsikii. Mdomo unacheza tu." Akageuka, na nikaona jasho kwenye paji. "Wameshagundua. Wamemwambia afungue mdomo asitoe sauti, wasituaibishe."

Nilimfinya mpaka wimbo wa mwisho. Watu waliposimama kupiga makofi yeye alisimama pia, akapiga makofi makubwa ya fundi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Nje wanafunzi walikuwa wakiwatafuta wazazi wao. Redio akaja mbio, gauni ameliinua asilikanyage, na sijawahi kumwona mtoto yule anakimbia. Hakunisalimia hata mimi. Alisimama mbele ya baba yake akihema.

"Baba, umenisikia?"

Sasa, kaka yangu ni mtu ambaye kwa miaka yote amewaambia wateja kwamba geti litakuwa tayari kesho. Uongo mdogo haumsumbui. Akavuta suti, akajipiga kifua.

"Nimekusikia wewe kuliko wote!" akasema, na watu wote wa uani wakamsikia. "Wote walikuwa nyuma yako. Sauti yako ilikuwa juu, peke yake, pale!" Akaonyesha angani.

Uso wa Redio ukasawijika. Akafunika mdomo kwa mikono miwili.

"Kweli, baba? Nilitokeza?"

"Kabisa!"

"Kwenye nyimbo zote?"

"Zote, tangu mwanzo mpaka mwisho!"

Machozi yakamjaa mtoto. Akatazama mlangoni, ambako yule mama wa piano alikuwa amesimama akiongea na wageni, akamtazama kama mtu aliyevunja chombo cha mwenye nyumba. "Basi niliwaharibia," akasema. "Mwaka mzima nafanya kazi nisitokeze, na leo nimewaharibia wote."

Kaka akanitazama. Nikamtazama. Sikumsaidia, kwanza kwa sababu nilikuwa na hasira naye, na pili kwa sababu lilikuwa lake kulisema. Na kwa mara ya kwanza tangu tumezaliwa nikamsikia kaka yangu anaongea kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, nimekudanganya. Sijakusikia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilitega sikio mpaka shingo inaniuma. Nilikaa mbele kabisa. Naapa kwa mama yako, sikusikia kitu."

Redio akamrukia shingoni, mbele za watu, akicheka na kulia kwa pamoja, akisema asante baba, asante, asante. Kaka akasimama pale ndani ya suti yake mpya, anampigapiga mgongoni, na juu ya bega la mtoto akawa ananiuliza kwa macho ni jambo gani jema alilolifanya.